Maji ya Mvua Yaliyoua Samaki Wangu

Shida ilinianza mwaka wa 2021, nikiwa na miaka sitini na mmoja, hapa Mwihoko. Sikilidi, samaki wa urembo niliofuga niuze, walififia rangi, wakahema, wengi wakafa. Na nilikuwa nawapa maji ya mvua, matamu!

Jirani akanicheka, akiniita babu kwa Kikuyu, "Guka, samaki ni wa kukaanga!"

Sikufunga biashara. Kiangazi kilipokausha tangi la mvua nikawatilia waliobaki maji ya kisima, yale ya chumvi yanayokataa povu la sabuni.

"Sasa ndio unawamaliza!" jirani akasema.

Wakapona. Asili yao ni Ziwa Tanganyika, na maji ya huko si laini kama ya mvua, yana madini kama ya kisima. Shule sikumaliza, lakini macho ninayo.

Leo nina matangi kumi ya kioo ya samaki, kisima changu, nyumba ya kupangisha Makongeni na ng'ombe wawili.