Sauti Iliyosema "Madame"

Siku ile ninaikumbuka kwa sauti, mwanangu, maana sura ya mwenye sauti hatukuiona kamwe. Na usininunie kwa sababu jana nilikunyang'anya simu nikaikata. Kaa hapa unisikilize. Mtu anakupigia, anasema yeye ni polisi, anataka namba yako ya siri, anakukataza usimwambie mtu, na wewe unakwenda kujificha nyuma ya jiko kumjibu "ndiyo, mkubwa"! Nilipokuona umeinama vile, nilimwona mama yangu.

Ilikuwa bado Zaire. Hapa Kindu simu ilikuwa ya ofisi na ya reli. Sisi wengine tulikuwa na foni, ile redio ya kuongea na watu wa mbali, katika duka la mfanyabiashara mmoja karibu na bandari. Kaka yangu Amisi alikuwa Kampene anachimba dhahabu, na kila juma mama alikwenda dukani kumwita. Mvua zikaja, barabara ikaharibika, Amisi akawa haitiki. Mama akapiga kelele ndani ya foni kama kila mtu: mimi ni Zaina, mshonaji wa Kindu, namtafuta mwanangu Amisi, anayemwona aniambie. Na foni haikuwa na siri. Kila mwenye chombo kama kile, toka hapa mpaka Kampene na kupita, alisikia.

Juma lililofuata foni ikatuita yenyewe. Sauti nzito, ya mtu aliyeshiba.

"Madame Zaina! Hapa njo mukubwa ya Zone anaongea. Mutoto wako Amisi iko mu boloko. Unasikia?"

Mkubwa wa Zone ndiye aliyetawala wilaya nzima, basi watu wote dukani walisimama wima, hata mwenye duka, mbele ya kisanduku cha chuma! Sauti ikasema Amisi yuko gerezani, amekamatwa na magendo ya dhahabu, atapelekwa mbali, hatutajua hata alikozikwa. Lakini mkubwa ana huruma. Atatuma mtu kuchukua mashini ya kushona ya mama, na Amisi ataachiwa.

"Na usiambie muntu, hata ndugu yako. Ukisema, hautamuona tena."

Waliokuwa dukani wakatazama chini, wakatoka mmoja mmoja.

Kesho yake mtu akaja, amevaa abakosti, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, na alama ya chama kifuani. Mama alikuwa ameifuta mashini, akaifunga kwa kitenge chake cha sikukuu isipate vumbi njiani. Akampikia bugali na samaki. Yule mtu alikula, akalamba vidole, akaomba pilipili. Mimi ndiye niliyemletea. Nikiikumbuka pilipili ile mpaka leo damu inanichemka.

Baada ya siku chache mama mkubwa Salima, dada yake mama, alivuka mto kutoka Alunguli, akaikuta meza ya mashini tupu. Mama alikataa kusema. Salima akamshika mabega mpaka akasema yote.

"Alikuita je?"

"Aliniita Madame Zaina."

"Madame!" Salima akapiga makofi kwa mshangao. "Zaina, muntu ya Leta mwenye kusema Madame ulimuona wapi? Leta yenyewe ilikataza ile neno! Wanatuita Citoyenne mpaka masikio inauma. Ule njo mwizi!"

"Nilisikia jina ya mutoto," mama akasema. "Nikaogopa."

Kweli tupu. Leta, yaani serikali, ilituamuru kuitana raia, Citoyen na Citoyenne, shuleni, ofisini, hata sokoni. Madame lilikuwa neno la marufuku, na mkubwa yeyote angejiuma ulimi kabla ya kulisema. Mwizi alijisahau, nasi tulilisikia neno kwa masikio yetu, lakini hofu ikatuziba. Ndiyo maana hasira yangu si kwa mwizi peke yake. Wakubwa walitufundisha kusimama wima kila tunapotajiwa Leta, na sisi tukajifunza vizuri mno. Ofisi ya Zone ilikuwa mwendo mfupi kutoka nyumbani, na hakuna aliyethubutu kwenda kuuliza. Hata baada ya kujua, mama hakushtaki. Nani angekwenda kutaja mkubwa na wizi katika sentensi moja?

Mvua zilipopungua Amisi alirudi juu ya lori, mzima kabisa. Boloko hakuwahi kuiona. Akatoa suruali iliyopasuka, akacheka: "Mama, unishonee." Mama akatafuta sindano ya mkono, akakaa chini, akalia. Alishona kwa mkono mpaka macho yakamchoka, na wateja wakaenda kwa wengine.

Basi sikia. Mtu akikupigia na kujiita polisi, hakimu au sijui nani, kata. Kujua jina lako na la mama yako si kazi. Tunayatangaza wenyewe, zamani kwenye foni, sasa kwenye hizo simu zenu. Kata, uvae viatu, uende ofisini kwa miguu yako, uulize mtu unayemwona kwa macho. Namba ya siri usimpe yeyote, hata akilia. Na anayekukataza kumwambia mama yako, huyo umeshamjua ni mwizi. Piga kelele hapo hapo, majirani wasikie.

Mungu akupe mdomo wa mama mkubwa Salima, mwanangu, uulize bila kutetemeka: "We njo nani?" Akuepushe na sauti za watu wasio na sura. Na siku wakifika mlangoni kwako, wasikute chakula, wala mtoto wa kuwaletea pilipili.