Aliyeonja Kidonge cha Mawe

Mama yangu alikubali kunywa dawa mikononi mwa mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo hakuwa mimi. Alikuwa wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Nalisema hili mapema ili ujue nilivyokuwa najisikia pale nyumbani Makere, mwishoni mwa miaka ya tisini, kila jioni wifi alipochukua kikombe cha maji na kupita mbele yangu kama mwenye mali.

Mawe, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kiha, alikuwa anapoteza kumbukumbu. Ilianza kidogo kidogo. Akabandika maharage bila maji. Akaenda shamba la mihogo alilolilima tangu ujana wake, akarudishwa na watu wa kijiji cha pili. Wapo waliosema karogwa, wapo waliosema ni uzee tu, tumwache. Mdogo wangu alikuwa dereva wa lori la maji katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akambembeleza daktari mmoja wa kizungu aje amwone. Daktari alikaa na Mawe asubuhi nzima, mdogo wangu akitafsiri, akamuuliza ya zamani na ya jana. Mwisho akasema ni ugonjwa wa ubongo, unaitwa Alzaima, dawa ya kuuponya haipo. Ila kwao vimetoka vidonge vipya vinavyoweza kumshikilia mgonjwa asiteleze haraka. Alipokwenda likizo akarudi navyo, Mungu ambariki popote alipo.

Maelekezo aliyatoa polepole, akayarudia. Kidonge cheupe kimoja kila jioni kabla ya kulala, kimezwe kizima kwa maji. Mkisahau leo, kesho msimpe viwili kufidia. Mwili ukishazoea, baada ya wiki kadhaa, aanze cha njano, ambacho nguvu yake ni mara mbili ya cheupe. Akitapika sana, akiharisha au akizirai, acheni kumpa na mniite.

Mimi nilijua kazi hiyo ni yangu, hakuna wa kuniuliza. Binti yake ni mimi peke yangu. Nilikuwa nimeachika bila mtoto, nikafunga cherehani yangu Kasulu mjini na kurudi kwa ajili yake. Nilitaka kitu kimoja tu: kama dawa itamrudishia akili, hata kwa siku moja, uso wa kwanza atakaoutambua uwe wangu. Je, hilo ni kubwa kwa mtoto kulitaka?

Jioni ya kwanza nikampa kidonge. Akakaza meno. Nikabembeleza, nikaimba hata nyimbo za kanisani, mwishowe akakipokea na kukitemea kwenye kitenge changu. Kisha akamgeukia mdogo wangu akamwomba anitoe nje, eti huyu mwanamke anataka kumuua. Huyu mwanamke! Wifi akaokota kidonge, akakifuta, akamshika Mawe mkono wakaenda chumbani nyuma ya pazia. Haukupita muda akatoka na kikombe kitupu, akasema amekunywa, akaenda zake jikoni kusonga ugali.

Ikawa ndiyo desturi. Mimi nampa, ananikatalia. Wifi anampa, anameza. Wivu ulinikaba mpaka chakula hakishuki. Na ujue wifi ni nani: wazazi wake walikimbia Burundi, yeye akazaliwa huku huku, uraia wamepata, wanauza chumvi na mafuta ya mawese gulioni. Mawe huyo huyo hakumtaka katu. Wifi alipoolewa, Mawe alikataa kula chakula cha mkono wake, akawa anapika chungu chake pembeni. Leo hii asubuhi mpaka jioni ni mwanangu kaja, mwanangu kaondoka, mwanangu ananipenda. Na mimi nimekaa pale pale, sina jina.

Nilifikiri amempa limbwata. Najua limbwata ni la kuwashika waume, usinicheke. Mtu mwenye wivu hachagui uchawi. Nilikwenda hata kunusa kile kikombe. Kilinuka maji.

Tukaingia kwenye vidonge vya njano. Mawe akaendelea vizuri, aliyeanza kuugua ni wifi. Anaamka anatapika nyuma ya nyumba. Chakula hakitaki. Usingizini anapiga kelele, anasema ameota anafukuzwa na ng'ombe wenye nyuso za watu. Mdogo wangu akawa anatabasamu peke yake. Walikuwa wameoana miaka mingi bila kujaliwa mtoto. Akaanza kumletea machungwa kutoka Kasulu, akamkataza kubeba maji, mimi ndiye nikawa nashuka kisimani. Nikasema sawa. Mama amechukua, na mimba sasa amepata. Kilichobaki anivue na ngozi. Nilikuwa namwaga maji ya kuoga kwa hasira mpaka kuku wanakimbia.

Jioni moja nikashindwa. Wifi alipoingia na Mawe, nikavua kandambili, nikasogea mpaka kwenye pazia nikachungulia. Nikamwona anakitia kidonge mdomoni mwake mwenyewe. Akakikata kwa meno. Nusu akaimeza na maji, akakunja uso kwa uchungu wake, akaachama na kumwonyesha Mawe ulimi kuwa hakuna kitu. Ndipo akampa nusu iliyobaki. Mawe akaipokea kwa mikono miwili.

Nilivuta lile pazia mpaka kamba ikakatika. Nikamwambia ni mwizi, anamla mama wa watu akili yake, sasa nimejua. Nilisema na mengine. Mdogo wangu akaja mbio. Wifi hakubisha. Aliketi kitandani, akamfunika Mawe miguu, kisha akaniuliza:

"Wifi, kwenu mnampa mtu kinywaji bila kuonja?"

Kwetu anayetoa huonja kwanza, Muha na Mrundi hatutofautiani kwa hilo. Pombe ya ndizi, maziwa, hata maji kwa mgeni, unapiga funda moja mbele ya macho yake ndipo unampa, ajue hukumtilia kitu. Nimekua naona hivyo. Lakini kidonge? Kidonge ni cha hospitali, nani akionje? Wifi akasema Mawe siku hizi anaona sumu kila mahali, na kidonge hakionjwi kwa kulambwa, atadhani umemdanganya. Ndiyo maana tangu siku ya kwanza walikuwa wanagawana.

Kesho yake mdogo wangu akamleta daktari. Alipotafsiriwa kisa hicho alicheka, halafu akaacha kucheka. Akampima wifi mapigo ya moyo, akasema yako chini, na kutapika kote kule pamoja na zile ndoto ni kazi ya dawa isiyo yake, ikazidi alipoanza cha njano. Mimba haikuwapo. Mdogo wangu aliyachukua machungwa yaliyobaki akayapeleka kwa jirani. Kuhusu Mawe, daktari alisema mgonjwa kumbe alikuwa anapata nusu siku zote, kwa hiyo nusu ya njano ndiyo sawa na cheupe kizima. Arudi kwenye cheupe, akimeze chote, mtu mwingine asikiguse na mdomo. Tuonje maji tu.

Wifi akaambiwa apumzike. Nilifurahi, mwenzangu, nisikudanganye. Nilioga mapema siku hiyo, nikajifunga kitenge kipya.

Jioni nikaingia na kikombe. Nikapiga funda, nikameza, nikaachama mbele yake mpaka taya zikauma. Mawe akaniangalia kwa muda. Akaangalia maji. Akanyoosha kiganja, nikamwekea kidonge, akakimeza chote, na yeye akaachama anionyeshe. Nilitaka kumwita mtu aone. Nikajizuia, nikamfuta midomo kwa ncha ya kitenge.

Akanivuta nikamwinamia.

"Wewe una mkono mzuri," akaninong'oneza. "Lakini usimwambie binti yangu kwamba nimekunywa kwako. Yule ana wivu sana. Akisikia nakunywa dawa kwa watu baki, atalia."

Nikamuuliza huyo binti yako yuko wapi. Akasema yuko Kasulu, anashona, atakuja kesho, ndiyo maana hataki kulala mapema. Nikamwahidi kwamba sitamwambia. Akanishukuru kama mtu anavyomshukuru mpita njia, akageukia mlangoni. Nilibaki nimekaa ukingoni mwa kitanda na kikombe changu, nikimwonea wivu yule binti aliyekuwa anasubiriwa.