Msusi na Mshika Ufunguo

Msusi wetu wa mtaa wa Greyville, Mkongo wa makamo, huvuta nywele kwa nguvu mpaka mteja atokwe na machozi, wala haombi radhi. Ukimwambia, "Mungu akubariki," hujibu, "Geuza kichwa." Redio ikianza mahubiri huiendea na kuizima, hata mikono yake ikiwa imejaa mafuta. Wateja wote tunajua kwamba aliishi miaka sita kwenye kambi ya nabii mmoja nje ya mji. Aliingia na binti yake, akatoka peke yake.

Jumamosi moja mwaka 1998, nilikuwa nangoja zamu yangu alipoingia Yvette, aliyeishi na msusi kambini na ambaye naye alishatoka. Alikaa kitini akicheka. "Dada, ile kambi ilitupotezea wakati, lakini nyimbo zilikuwa tamu. Hata leo ninaziimba."

Msusi aliendelea kumsuka mteja aliyekuwa mbele yake. "Wewe ndiye ulikuwa na ufunguo wa geti," akasema taratibu. "Mtoto wangu alikuwa na homa siku nne. Nilikupigia magoti unifungulie nimpeleke hospitali."

Kicheko cha Yvette kilikatika. Akaanza kulia. "Nabii alisema hospitali iko dhambi. Niliamini, dada. Na wewe uliamini."

Vidole vya msusi vikasimama.

"Siku tatu za kwanza niliamini," akasema mwishowe. "Ya nne ndiyo nilikuja getini."