Kijiji chetu kiko na majina matatu, na kwa data hakukuwa na mutu

Wakuu, jambo. Hii niliiona na macho yangu. Mwenye kucheka acheke, mimi naisema tu.

Mimi ni motard, nabeba watu na mizigo kwa pikipiki, Kasongo mpaka Wamaza. Kwetu Kabambare kijiji kinabeba jina la shefu. Shefu akikufa, kinachukua jina la mwenye kumufuata. Sisi wenyewe hatupotei.

Sasa surua ikafika Lusangi, karibu na kwetu. Timu ya chanjo ikapita kijiji kwa kijiji, wanafuata ramani ya simu. Chetu wakakiruka.

Dada yangu Zaina alikaa njiani kutwa nzima akiwangoja, mutoto mugongoni.

Kesho yake nikawafuata Kasongo. Fundi wao wa data, shati safi, akanifungulia kompyuta. Eti data ya vijiji iko wazi kwa web, yote ni linked, maana yake imeunganishwa.

Linked na nini? Liste ya hospitali iko na jina la shefu wa kwanza. Ramani iko na la wa pili. La leo haliko popote! Tulikuwa vijiji viwili, na vyote wameandika havina watu.

Nikamwambia ni kijiji kimoja, juzi nimelala mule.

"Papa, hayo ni mambo ya wataalamu. Motard atafanya nini na linked data?"

Wee! Masikio yaliniwaka. Nikavuta kiti, nikakaa. Sitoki.

Nikamupigia simu tante Faida, shangazi yetu, mujane wa shefu wa kwanza, nikaweka sauti juu fundi asikie. Akataja mashefu mumoja mumoja na kaburi la kila mumoja. Fundi akaandika, akafunga majina yote matatu kwa kijiji kimoja.

Sijatoka bado. Nikamulazimisha atengeneze pa kutafutia vijiji, kwa Kiswahili, kwa simu ya kawaida. Andika jina lolote unalojua, likuletee kijiji na njia ya pikipiki. Aliguna, lakini alifanya.

Timu ikarudi. Zaina alikuwa wa kwanza kwa foleni, mutoto akalia sindano, sisi tukacheka kwa furaha.

Tante Faida akaomba infirmier, muuguzi wa chanjo, aandike kwa simu jina la marehemu bwana yake. Kijiji kikatokea.

"Kumbe angali anatuitia watu," akasema, akafuta macho.

Nilichojifunza: data ambayo motard hawezi kuitumia haijaunganishwa na kitu.

Kijiji chenu kinaitwaje huko mtandaoni? Andikeni hapa chini majina yote, hata ya marehemu. Na wewe wa shati safi, najua unasoma. Kiti changu usikiondoe.