Muulizeni Tena Verdine

Opelousas, mji mdogo wa Louisiana kule Marekani, kuna watu wanaolia wakichomwa na mwiba, na kuna Verdine Arceneaux. Ukikutana naye mlangoni mwa kanisa ukamwuliza hali, jibu lake ni lile lile tangu usichana wake: "Nimebarikiwa, tena nimependelewa!" Mama yake alijibu hivyo, na bibi yake akafa akijibu hivyo. Kanisani kwao, ukiulizwa hali ukaanza kutaja mgongo, Jumapili hiyo watakuhurumia, Jumapili ijayo watakukwepa.

Na mgongo wa Verdine una mengi ya kutajwa. Aliuharibu jangwani, mwaka tisini na moja, kwenye vita vya Ghuba, alipokuwa askari kijana anayeendesha lori la mafuta nyuma ya vifaru. Ilikuja tufani ya mchanga, huoni hata kidole chako, lori likatumbukia handakini. Alirushwa juu akarudi kutua kwenye chuma, akasikia kitu kikikatika kiunoni. Alifanya nini? Alilitoa lori shimoni, akakaza meno, akaendelea na safari, kwa sababu kifaru bila mafuta ni bati tu. Kesho yake aliiona foleni ya daktari. Akamwona na sajini wake amesimama pembeni, anawahesabu wanaojipanga kwa macho ya dharau.

"Na wewe umekuja kubembelezwa, dada? Nilisema mimi! Wanawake na malori wapi na wapi?"

Verdine aligeuza buti zake papo hapo. Hakuikanyaga tena foleni ile mpaka vita vinakwisha. Sasa kamwambie mtu wa ofisi ya serikali kwamba ndiyo sababu jina lake halimo kwenye kumbukumbu za daktari wa jeshi. Atakutazama kana kwamba unamsimulia ndoto.

Aliporudi kwao aliendesha basi la shule, na watoto walimwogopa na kumpenda, mpaka asubuhi moja mguu wake wa kulia ulipogoma kukanyaga breki. Hakuna aliyeumia. Lakini Verdine alizima injini, akaita dereva mwingine, akakabidhi funguo bila kusubiri kuambiwa. Ndipo alipopeleka madai ya ulemavu wa vitani kwenye ofisi ya serikali inayohudumia askari wa zamani. Hakuwa anaomba hisani. Alitaka wale waliomchukua mzima wakiri kwamba hawakumrudisha mzima.

Ofisi ikampangia daktari wa kukodi ampime. Hapo ndipo alipofanya kosa, na mimi simlaumu, maana mama yangu angefanya lile lile. Alijipamba. Alivaa gauni lake la zambarau, kofia ya Pasaka, soksi ndefu na viatu vya visigino, kwa kuwa kwao huendi mbele ya daktari kama mtu aliyetoka kulala. Soksi alivishwa na mumewe, Alcide, aliyepiga goti akamvisha na viatu, kama anavyomvisha kila siku iendayo kwa Mungu. Verdine hawezi kuifikia miguu yake mwenyewe. Daktari hakuyajua hayo, wala hakuuliza. Macho yake yalikuwa kwenye kompyuta.

"Hujambo leo, mama?"

"Nimebarikiwa, daktari, tena nimependelewa!"

Naye akaandika. Barua ya kukataliwa ilipofika ilisema hakuna ushahidi wa jeraha jeshini, na kwamba siku ya kupimwa mdai alikuwa mchangamfu, amevaa visigino, na mwenyewe alisema hana tatizo.

Verdine aliisoma jikoni, maharage mekundu yakiungua nyuma yake.

"Wananiita mwongo. Alcide, hawa watu wananiita mwongo kwa kofia yangu mwenyewe!"

"Achana nao, mama. Si tunakula? Si tunalala?"

"Niachane nao? Walipokuwa wananitaka jeshini walikuja hapa hapa, kwenye kibaraza cha mama yangu, kalamu mkononi, meno yote nje. Siachani na mtu mimi!"

Ndivyo alivyofika kwa Wakili Mouton, kule Lafayette, mji wa jirani. Mouton ni mtu mnene, tai imepinda siku zote, naye aliwahi kuvaa sare kabla ya kusomea sheria. Ofisi yake inanukia budini, ile soseji ya wali, na usishangae ukikuta doa la mafuta kwenye faili lako. Aliisoma ile barua, akaangua kicheko.

"Unacheka nini, bwana?" Verdine alimtolea macho.

"Nisamehe, Bi Verdine. Nyie askari mtaniua. Nina mteja hana mguu mmoja. Daktari alimwuliza hali, akajibu, 'Nimesimama imara, bwana!' Wakaandika kwamba anasimama imara."

Verdine alitaka kununa, kicheko kikamponyoka.

Mouton alikuwa mzembe wa tai tu, si wa kazi. Alimsaka dereva wa lori lililokuwa nyuma siku ile ya tufani, akampata Ohio, ana wajukuu, na dereva huyo akala kiapo kwa maandishi kwamba aliliona lori la Verdine likitumbukia, na kwamba usiku huo alimwona akishuka kwa kujishikilia mlangoni kama kikongwe. Kwa hiyo suala la handaki likawa limekaa sawa. Kilichobaki kumkaba Verdine ni maneno yaliyotoka kinywani mwake mwenyewe. Rufaa ingesikilizwa na jaji kwa njia ya video, pale pale ofisini kwa wakili.

"Nina ombi moja," Mouton alisema. "Siku hiyo njoo kama unavyokaa nyumbani. Dera na ndara."

"Ndara?"

"Ndara, Bi Verdine. Jaji akuone ulivyo."

"Wakili, bibi yangu alifua nguo za watu maisha yake yote, na mahakamani hakuwahi kuingia na ndara. Kama ili nipewe haki yangu lazima kwanza nijidhalilishe, wabaki nayo!"

"Watabaki nayo! Unadhani itawauma? Ndiyo kazi wanayoijua!"

Waliagana kila mmoja amevimba. Walipokaribia nyumbani Alcide, aliyekuwa akiendesha gari, akasema taratibu, "Ningeweza kumwambia mimi. Kwamba nakuvisha."

"Thubutu! Ukimwambia mtu yeyote unanivisha viatu, utalala kibarazani na mbu."

"Basi jaji atajuaje, mama?"

Verdine aligeukia dirishani. Swali hilo lilimuudhi kuliko ile barua.

Siku ya rufaa alifika na Alcide, amevaa gauni la zambarau, kofia ya Pasaka, na visigino vile vile. Mouton alivitazama viatu, akashika kichwa kwa mikono miwili. Kwenye skrini akatokea jaji mwenye ndevu za mvi na sauti ya upole. Akamwapisha Verdine, kisha, kwa adabu tu, akamsalimu.

"Hujambo, Bi Arceneaux?"

"Nimebarikiwa, mheshimiwa, tena nimependelewa!"

Lilitoka lenyewe. Mouton akafumba macho. Verdine aliuona mkono wa jaji ukiinama kwenye karatasi, kalamu tayari, na damu ikampanda.

"Ngoja! Weka kalamu chini!"

Jaji akainua macho.

"Hiyo ni salamu, mheshimiwa. Si cheti cha daktari. Mkeo akikuuliza umeamkaje, unamsomea vipimo? Wakili, geuza hilo lidude lione sakafu."

Mouton aliusukuma mlango wa kabati uliokuwa ukizuia, akaigeuza kompyuta.

"Alcide, nivue kiatu cha kulia. Ukiweke hapo chini. Halafu ukae, na ole wako uninyanyukie." Alcide akafanya. "Mheshimiwa, huyu ni mume wangu. Ndiye aliyenivisha soksi hizi leo, na siku ile ya daktari wenu, na jana, na juzi. Kofia nimevaa mwenyewe, mikono bado inanitii. Sasa tazama navaa kiatu."

Akainama. Mkono ukapita goti, ukashuka kidogo, ukakwama. Akasukuma. Mdomo ulijifinya, jasho likachora mistari kwenye poda. Kofia ikaanguka ikabingirika mpaka miguuni mwa wakili, na hakuna aliyethubutu kuiokota. Kiatu kilikuwa pale pale, karibu kabisa na vidole vyake. Akasukuma tena, na safari hii ukamtoka ukelele ambao Alcide pekee ndiye aliyeufahamu. Alcide akanyanyuka.

"Kaa!"

Akakaa, machozi yanamtiririka.

"Bi Arceneaux, inatosha," jaji alisema. "Tafadhali."

"Haijatosha! Daktari wenu hakuniambia nivue, kwa hiyo wewe utatazama mpaka mwisho."

Mwisho ulikuwa kuinuka. Alishika ukingo wa meza, akajivuta kidogo kidogo, hadi akakaa wima, nywele za mvi zimetawanyika, mguu mmoja na soksi tupu. Alihema mpaka pumzi ikarudi.

"Haya. Niulize tena."

Jaji alisita. "Hujambo, Bi Arceneaux?"

"Naumwa." Alcide alimgeukia, maana katika ndoa yao yote hakuwahi kulisikia neno hilo kutoka kwake. "Naumwa, mheshimiwa. Naumwa tangu jangwani. Sikumwambia sajini, sikumwambia mama yangu, na huyu hapa nilimwacha ajionee mwenyewe. Na bado nimebarikiwa. Andika yote mawili."

Jaji akaandika.

"Nisomee."

Mouton alikohoa, kwa kuwa jaji haamrishwi. Lakini jaji alivaa miwani yake.

"Shahidi anasema anaumwa, tangu jangwani."

"Na?"

"Na bado amebarikiwa."

"Hapo sawa," Verdine alisema, akaunyoosha mguu wake mbele ya kamera bila kuuficha. "Alcide, nivishe kiatu."