Mkanda wa Warukaji Kiunoni mwa Mama

Kazini kwetu Laurel, hapa Marekani, tunaandika programu kwa ajili ya watu wanaojirusha kutoka mlimani. Si wendawazimu, ni wanamichezo: wanateremka kwenye theluji wakiwa na mbao mbili ndefu miguuni, wanafika ukingoni, wanaruka, wanaelea hewani, kisha wanatua. Kiunoni wanavaa mkanda wenye vihisi, na vihisi hivyo hutuambia kama waliruka mapema au walichelewa, kiwiliwili kililala kiasi gani hewani, na walitua kwa kishindo gani. Kazi yangu mimi ni huko kwenye kutua. Theluji yenyewe naijua ile ya kukwangua kwenye kioo cha gari.

Majira ya baridi yaliyopita Mama aliteleza bafuni, kwenye fleti yetu ya Adelphi, akakaa chini mpaka niliporudi jioni. Hakuvunjika kitu. Nilimletea kile kitufe cha shingoni ambacho wazee wengi hapa huvaa ili waweze kuita msaada. Alikitazama, akanirudishia. "Mimi si mbuzi nifungwe kengele," alisema, na kwa Mama neno likishatoka limetoka.

Basi nikajifanya mjanja. Kazini tuliruhusiwa kwenda nyumbani na mikanda ya majaribio, tuone betri zinadumu vipi. Nilileta mmoja, nikamwambia Mama ni wa kutuliza maumivu ya mgongo. Alifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu vipya. Nami nilifurahi, na hilo ndilo linalonichoma zaidi, kwamba siku ile nilijiona mtoto mwema.

Kabla ya hapo nilikuwa namuaga nikiwa mlangoni: shikamoo Mama, chai iko kwenye chupa, haya, jioni. Sasa ilibidi niingie chumbani kwake kila asubuhi. Mkanda ukilegea vihisi vinasema uongo, kwa hiyo nilimfunga mwenyewe, nikaunyoosha kwa viganja. Nilimuuliza amelalaje na goti linauma upande gani, maana kuchechemea kunaichanganya programu. Yeye alinyanyua mikono, akanisimulia ndoto zake huku nikibana kifungo. Mchana, kazini, nilimchungulia kwenye simu. Mara ya kwanza programu ilidai ameruka na kutua vizuri kabisa. Nilimpigia roho ikiwa mkononi, kumbe alikuwa amejitupa tu kwenye kochi. Nilicheka peke yangu, nikarekebisha programu.

Jumapili moja, kwenye kanisa letu dogo la Takoma Park, Mama alisimama kutoa ushuhuda. Nilijua atautaja mgongo, nikainamisha kichwa. Hakuutaja. Alisema anamshukuru Mungu kwa binti yake, ambaye miaka yote ya Marekani hii alikuwa akimuaga kama mpangaji mwenzake, na sasa kila asubuhi anaingia, anamfunga mkanda kwa mikono yake, anamuuliza amelalaje. Kanisa zima likapiga vigelegele. Mama mmoja Mkongomani, aliyekaa nyuma yangu, alinigusa bega. "Mungu akubariki," alisema. "Batoto bangu, hata bonjour, hapana." Nilitamani sakafu inimeze.

Wiki hiyo hiyo mikanda yote ilitakiwa kazini, ipelekwe kwa warukaji wenyewe. Niliurudisha. Asubuhi iliyofuata niliingia chumbani mikono mitupu. Mama alikuwa ameketi kitandani, mikono ameshainyanyua, ananingoja. Ningeweza kusema mkanda umeharibika. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia pale kitandani. Nikamwambia yote: vihisi, simu, kule kumchungulia, na kwamba mkanda haukuwahi kuwa wa mgongo.

Hakupandisha sauti. Alishusha mikono, akailaza mapajani.

"Kunichungulia nimekusamehe," alisema. "Ulikuwa na hofu. Lakini yale maswali, mwanangu. Nimelalaje, goti linaumaje. Yalikuwa ya mashine?"

Nilitaka kusema hapana. Nilikuwa nimesimama mbele yake na koti mwilini, viatu miguuni, ufunguo wa gari mkononi, na asubuhi hiyo sikuwa nimemuuliza amelalaje.