Jina Lisomwe kwa Sauti

Watu wengi wa rika langu watakuambia kwamba zamani msichana hakucheza bao. Mimi nilicheza, na aliyenifundisha ni baba yangu mzazi, juu ya dungu, mpunga ukiwa umeanza kuinamisha vichwa.

Kwetu deltani, upande wa Salale, miezi ile familia nzima ilihamia shambani kulinda. Ndege walishuka asubuhi, nguruwe waliingia jioni, na asiyelinda alivuna mabua. Dungu letu lilikuwa kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, tunapanda kwa ngazi. Baba hakuweza kukimbiza ndege. Alikuwa mkataji wa mikoko mpaka siku boriti ilipomwangukia gotini. Mfupa ukaunga vibaya, na tangu hapo kazi yake ikawa kukaa juu na kuvuta kamba zilizofungwa makopo. Mkono mmoja ulivuta kamba, wa pili ulipanga kete. Hakuwa na wa kucheza naye isipokuwa mimi, mwanawe wa pekee aliyebaki hai.

Hakunionea huruma. Alinifunga misimu miwili mfululizo, na kila nikifungwa aliniuliza, "Umeona ulipokosea?" Nikisema sikuona, tulirudisha kete nyuma mpaka nione. Msimu wa tatu nikamfunga. Akazikusanya kete, akasema, "Panga tena."

Maneno yalikuwepo. Kisimani jirani mmoja alimwambia mama, "Shoga, binti anayekaa na wanaume kupanga kete ataolewa na nani?" Mama akajitwisha ndoo yake na kusema, "Hakai na wanaume. Anakaa na baba yake." Lakini nyumbani alinuna, na alipoukuta ubao sebuleni aliusogeza kwa mguu.

Shule yetu wazazi waliijenga wenyewe kwa miti ya mikoko na makuti, pale ardhi inapobaki juu kidogo maji yakijaa. Ilikuwa na mwalimu mmoja, kijana kutoka milima ya Umatumbi, ambaye hakuwahi kuzoea maji. Kila alipopanda mtumbwi alishika kingo zote mbili na kufumba macho. Sisi tulicheka, naye hakukasirika. Alisema, "Ninyi siku mkiuona mlima mtalia." Wasichana tulikuwa saba. Zaidi ya darasa la nne hapakuwa na kitu.

Mwaka niliokuwa darasa la nne ililetwa barua kutoka kwa kamati ya michezo. Shule za wilaya zingekutana Kibiti kwa mbio, mpira, kuimba na bao, mbele ya Bwana Shauri, yaani yule Mwingereza aliyetawala wilaya. Mwalimu alitusomea mara mbili. Timu ya mpira hatukuwa nayo kwa sababu hatukuwa na uwanja mkavu. Wakimbiaji tulikuwa nao, kwani mtoto aliyekua akikimbia kwenye tope, nchi kavu humwona mwepesi. Wasichana tungeimba. Kwa bao, mwalimu akasema tushindanishwe darasani.

Niliwafunga wote, wasichana kwa wavulana. Mwalimu alikaa siku mbili hajaandika kitu. Siku ya tatu akaja nyumbani kwetu, akapiga hodi, akakaa kwenye mkeka na kumwambia baba, "Mzee, barua inataka mchezaji bora wa shule. Mchezaji bora ni binti yako."

Nilidhani baba atafurahi. Akakuna goti lake na kusema, "Kucheza hapa ni jambo moja, mwalimu. Kule kuna watu. Watamcheka, na mie siwezi kwenda kumsimamia kwa mguu huu."

Mama alikuwa akipepeta mchele mlangoni. Hakuinua uso. "Nitakwenda mie," akasema.

Baba akamtazama. "Wewe si ndiye unayeupiga teke ubao?"

"Naupiga teke kwa sababu mnacheza wakati kuna kuni za kuchanja. Lakini kama ni bora, ni bora. Aandikwe."

Tulitoka kwa mitumbwi na maji ya kupwa, wanafunzi, mwalimu aliyefumba macho, na wazazi wasiopungua ishirini walioamua kuja kutuona. Nchi kavu tukatembea mpaka Bungu, tukalala kwa jamaa za watu, na asubuhi lori lililobeba boriti likatupakia juu ya mzigo mpaka Kibiti. Tulifika tukiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Wenyeji walikuwa wamepanga mistari, sare zimepigwa pasi. Sisi tulikuwa peku, wavulana kwenye viguo walivyovulia samaki, wasichana kwenye kaniki. Mtu akasema kwa sauti, "Watu wa matope hao wamefika," na uwanja ukacheka. Nakumbuka mama alivyofunga kanga yake upya kiunoni, taratibu, kama anayejiandaa kupanda mpunga.

Aliyesimamia michezo alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja kubwa ya kule bara, mtu wa soksi ndefu na filimbi shingoni. Alipoita wachezaji wa bao nikasogea. Aliniangalia, kisha akamwangalia mwalimu wetu.

"Wasichana wanaimba saa nane," akasema.

"Huyu ataimba saa nane," mwalimu wetu akajibu. "Sasa anacheza bao."

"Bao ni la wavulana."

Mwalimu akaitoa ile barua mfukoni, akaikunjua. "Hapa pameandikwa mwanafunzi."

"Kila mtu anaelewa maana yake."

"Mimi nimefundishwa kusoma kilichoandikwa, bwana."

Walikuwa mkubwa na mdogo, na kila aliyekuwa karibu alijua kwamba mdogo amevuka mpaka. Yule mkuu angetufukuza, nadhani, kama mvulana mmoja wa shule yake hakuwa ameshakaa mbele ya ubao na kusema, "Mwacheni, mwalimu. Namaliza naye mapema." Watu wakacheka tena, na kicheko kile ndicho kilichonipa kiti. Lakini mkuu akaagiza nianze na wengine. Nikifanikiwa kufika kwa kijana wake, ndipo nicheze naye.

Wa kwanza nilimfunga mkononi, yaani kabla hata kete tulizoshika hazijaisha kuingia ubaoni. Kwetu hiyo ni aibu inayokaa mwaka mzima. Wa pili alicheza vizuri, alinitoa jasho, lakini alikuwa mwoga wa kuifungua nyumba yake, lile shimo kubwa la kati, akawa anailinda kama sanduku mpaka ikawa haina faida. Kufikia hapo kicheko kilikuwa kimepungua. Wazee wachache wa Kibiti walikuwa wamesogea na kuchutama nyuma yangu. Mmoja alikohoa kila nilipokula vizuri.

Kijana wa mwisho alikuwa hodari kweli. Simpunguzii. Alicheza kwa kasi na alizigonga kete ili zinitie hofu. Kete za mkononi zilipokwisha alikuwa na nyingi kuliko mimi, na nilisikia filimbi ya mwalimu wake ikigongana na vifungo vya shati, maana alikuwa ameinama juu yetu. Nilitamani baba angekuwepo aniulize nimekosea wapi. Nikajiuliza mwenyewe. Nikarudisha mchezo nyuma kichwani, mpaka nikaona.

Nilichukua kete tatu tu za mstari wa nyuma. Ya mwisho ikaangukia shimo langu lililotazamana na shimo lake lililojaa. Nikala, nikaanzia pembeni, zikala tena, nikazunguka mpaka vidole vikaanza kuuma. Nilipolala, yaani kete yangu ya mwisho ilipoangukia shimo tupu, mstari wake wa mbele ulikuwa na shimo moja tu lenye kitu. Akacheza alichoweza. Nikamalizia. Akautazama mstari wake mtupu, akanitazama mimi, akasema polepole, "Nimefungwa." Kisha akasimama na kwenda kunywa maji.

Saa nane tuliimba. Mbio wavulana wetu walipata nafasi ya pili, na mmoja wao alikimbia akiwa na mwiba kisiginoni. Alasiri wote tukaitwa mbele ya meza yenye kitambaa cheupe. Bwana Shauri alikaa katikati na yule mkuu akasoma washindi kutoka kwenye karatasi. Mbio. Mpira. Kuimba. Alipofika kwenye bao akalitaja jina la kijana wake.

Sikuelewa. Nilidhani ameruka mstari na atarudi. Kijana naye hakwenda, alisimama palepale akitazama vidole vya miguu yake. Mwalimu wetu akainua mkono. Mkuu akasema, bila kumtazama, kwamba michezo ya yule msichana ilikuwa ya kufurahisha watu tu na haikuhesabiwa, kisha akageuza karatasi.

Ndipo mama akatembea. Alipita katikati ya mistari ya wanafunzi waliopigwa pasi, akavuka chokaa ya uwanja, akasimama mbele ya meza. Hakupiga magoti.

"Shikamoo, Bwana," akasema. "Mie ni mama wa aliyeshinda."

Bwana Shauri alijua Kiswahili, kile kilichonyooka cha vitabuni. Akauliza, "Mama, unataka nini?"

"Nataka kusomewa kilichotokea."

Mkuu akaanza kueleza kwa Kiingereza. Mwalimu wetu, aliyekuwa anaogopa mtumbwi, akasogea na kujibu kwa Kiingereza hichohicho, sentensi kwa sentensi, na barua mkononi. Wakasemezana mpaka Bwana Shauri akainua kiganja. Akamwita yule kijana na kumuuliza kwa Kiswahili, "Nani alishinda bao?"

Kijana akamtazama mwalimu wake mkuu. Uwanja wote ulijua kesho yake atarudi darasa lipi na nani atakuwa mbele yake na fimbo. Akanyoosha kidole kwangu. "Yule. Kanifunga."

Bwana Shauri akasema nipewe zawadi. Ilikuwa shati la kaki na kaptula, kwa sababu hakuna aliyefikiria mshindi asiye mvulana. Mkuu akanisukumia mikononi na kuanza kukunja karatasi yake.

Mama hakuondoka. "Na jina," akasema.

"Amepewa zawadi."

"Nguo hata sokoni zipo. Wengine wamesomwa majina. Wa kwangu asomwe."

Mkuu akalisoma jina langu haraka, kwa sauti ya mtu anayeongea na shati lake. Mama akageuka akawatazama wazazi wa deltani waliosimama nyuma kabisa. "Mmesikia?"

"Hatujasikia huku," wakajibu. Hawakuwa wamekubaliana. Mmoja alikaa chini kwenye mstari wa mbio, kisha wote wakakaa, wanaume kwa wanawake, na ikawa wazi kwamba hawatanyanyuka. Wale wazee wa Kibiti waliochutama nyuma yangu nao wakasema hawajasikia.

Likasomwa mara ya pili. Wakasema upepo umelichukua. Mara ya tatu Bwana Shauri mwenyewe alisimama akalisoma, akikosea herufi moja, na vigelegele vikapanda kutoka kule nyuma mpaka farasi wa askari akarudi kinyumenyume.

Njia nzima ya kurudi nilivaa shati lile juu ya kaniki. Kaptula nilimpa yule wa mwiba. Nyumbani walipika wali na kamba wabichi, wanawake wakacheza mchana kutwa, na baba akadai nimpangie ile hatua ya kete tatu. Aliitazama, akasema, "Hiyo sikukufundisha." Siku hiyo nilimwona akifuta macho kwa kisingizio cha moshi.

Haikwenda bila gharama. Kabla mwaka haujaisha mwalimu wetu alihamishwa mbali sana, na barua ya uhamisho haikutoa sababu. Tulimsindikiza kwa mitumbwi minne. Safari hiyo hakufumba macho. Alisema anataka kuona anapotoka. Kuhusu yule kijana sikusikia tena, na hadi leo namwombea heri.

Mwaka uliofuata, mimi nikiwa nimeshamaliza darasa la nne, ikaja barua nyingine ya michezo. Safari hii waliandika vizuri: mchezaji wa bao awe mvulana. Mwalimu mpya, mtu mpole, aliisoma mbele ya wazazi. Mama akauliza kama karatasi ina nafasi ya kujibia. Akaambiwa ipo. Akasema, "Mwandikie kwamba hatuji, tuna michezo yetu wiki hiyo."

Hatukuwa na michezo yoyote. Ikabidi tuwe nayo. Shule mbili za visiwa vya jirani zilikubali, ya tatu ikaja bila kualikwa. Wavulana walikimbia kwenye tope la kupwa, mpaka kiunoni, na wazazi wakacheka hadi wakaumwa mbavu. Bao likachezwa na yeyote anayejua kuhesabu. Yule jirani wa kisimani alimleta binti yake, akanisogelea na kuniambia, "Mfundishe na huyu." Na mwishoni tukaweka mashindano ya kupiga kasia kwa wasichana, jambo ambalo kule bara lisingewezekana hata wakitaka. Nilishika nafasi ya tatu. Jina langu lilisomwa mara moja tu, kwa sauti, na kila mtu akasikia.